Mafuta Usiyoyaona: Maswali ya Mara kwa Mara Kuhusu Leni za Bolingi

Nacheza ligi ya bolingi, ule mchezo wa kubiringisha tufe zito kwenye sakafu ndefu nyembamba iitwayo leni ili kuangusha pini kumi zilizopangwa pembetatu, kila Jumatano usiku hapa Ohio, Marekani, na kila nikimleta mtu mpya ukumbini, awe wa Nairobi, Bukavu au Dar, swali huwa moja hata kama maneno yanatofautiana: mbona tufe linakataa kwenda ninakolituma? Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa liko sakafuni, na halionekani. Haya hapa majibu ninayorudia kila msimu. Nasema tufe, si mpira, kwa sababu kitu cha kilo 7 kikikudondokea mguuni hutakiita mpira.

Kwani leni imepakwa mafuta?

Imepakwa. Kutoka mstari wa faulo, ule ambao mrushaji havuki, hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Mafuta huanza inchi chache tu baada ya mstari na huendelea hadi futi ya 32, ya 40, pengine ya 50, kutegemea aliyeyapaka alikusudia nini. Kuanzia hapo hadi kwenye pini ni pakavu.

Hayakuwekwa ili kuwachanganya watu. Leni za zamani zilikuwa za mbao, mepo ngumu sehemu ya mwanzo na msonobari katikati, na matufe yalipotua na kuteleza yalikuwa yakikwangua vanishi. Mafuta yalikuwa kinga ya mbao. Siku hizi leni nyingi ni za sintetiki, lakini mafuta yamebaki, kwanza kwa kuwa sakafu na tufe bado vinaumizana, na pili kwa kuwa watu walishagundua kwamba anayepanga mafuta ndiye anayepanga matokeo.

Ni mafuta gani, na ni mengi kiasi gani?

Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, meupe kama maji, yakiwa yamechanganywa na viambato vya kuyafanya yashike sakafu na yasambae sawasawa. Mashine yenye ukubwa wa sanduku la nguo hutembea juu ya leni, inafuta mafuta ya zamani na kupaka mapya kwa safari moja ya kwenda na kurudi.

Kuhusu wingi, jiandae kushangaa. Leni nzima hupata kati ya mililita 20 na 30 hivi. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula, mafuta ambayo mama hawezi kumalizia nayo chapati tatu. Wapimaji wana kipimo chao wanachokiita yuniti, na yuniti moja ni tabaka la unene wa mikroni 0.18 hivi. Hata mahali penye yuniti 100, ambapo ni pazito kweli, tabaka lote halifiki mikroni 20. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa.

Ndiyo maana siyaoni?

Ndiyo. Ukiinama karibu na mstari na taa zikiwa zimekaa vizuri utaona mng'ao unaofifia sehemu fulani, lakini mng'ao huo haukuambii mengi. Katika baadhi ya mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, yanayorushwa kwenye runinga wametia mafuta rangi ya buluu ili mtazamaji aone. Sisi wengine tunategemea kitu kimoja tu kutuonyesha: tufe lenyewe. Na tafadhali usivuke mstari kwenda kugusa. Ukirudi na mafuta kwenye soli utawaachia wenzako utelezi pale pa kukimbilia, na mtu atavunjika kiuno.

Likishatoka mkononi, tufe linafanya nini hasa?

Hapa tukae kidogo, maana ukielewa hili mengine yote yanajijibu.

Fikiria matatu imekata usukani kwenye barabara ya tope. Matairi yameelekea kushoto, lakini gari linaendelea kwenda mbele kana kwamba halijaambiwa. Halafu ghafla linafika kwenye lami kavu, matairi yanashika, na abiria wote wanaegemea upande mmoja. Tufe la bolingi ni hivyo hivyo. Mchezaji anayejua kulipinda hulitoa likisonga mbele kwa kasi na wakati huohuo likizunguka kwa pembeni. Mzunguko huo ndio usukani uliokatwa.

Kwenye mafuta, tufe linateleza. Msuguano ni mdogo sana: vipimo vinavyotajwa sana na wanafizikia ni kama 0.04 penye mafuta na 0.2 au zaidi pakavu, tofauti ya mara tano. Kwa hiyo katika futi 40 za kwanza mzunguko haupotei sana wala njia haipindi sana. Tufe linabeba akiba. Likitoka kwenye mafuta, sakafu inalishika, ile akiba inaanza kutumika, na tufe linakata kona kuelekea kwenye pini. Mwendo wa mbele unapungua, mzunguko unageuka na kulingana na uelekeo, mpaka wakati fulani tufe linaacha kabisa kuteleza na kuanza kubiringika tu kama gurudumu la baiskeli. Tangu hapo halipindi tena. Linakwenda moja kwa moja lilikoelekea.

Kwa hiyo kuna hatua tatu: kuteleza, kukata kona, kubiringika. Ustadi wote ni kuhakikisha hatua ya tatu inaanza karibu na pini. Ikianza mapema, futi 10 au 15 kabla, tufe linafika limechoka. Linagonga pahali sahihi kabisa lakini pini zinasimama zikikutazama. Isipoanza kabisa, tufe linapita likiteleza hadi mtaroni, kule pembeni mwa leni, au linachuna pini ya mbele kwa pembeni. Safari yote ni kama sekunde 2 na nusu, na hizo zote zimeamuliwa na vijiko viwili vya mafuta.

Kwa nini nihangaike kulipinda? Si bora linyooke?

Linaweza kunyooka, na ukiwa mgeni usione haya. Lakini hesabu hii hapa. Pahali pazuri pa kugonga, kwa anayetumia mkono wa kulia, ni mwanya kati ya pini ya 1, ile ya mbele, na ya 3, iliyo nyuma yake kulia, na tufe likiingia kwa pembe ya nyuzi 6 hivi ndipo nafasi ya straiki, yaani kuangusha pini zote kumi kwa tufe moja, inapokuwa kubwa. Leni ina upana wa inchi 41 na nusu tu. Hata ukirusha kutoka ukingoni kabisa, tufe lililonyooka haliwezi kufika na pembe ya nyuzi 2. Njia pekee ya kupata nyuzi 6 ndani ya uchochoro ule ni kulitoa nje kisha lirudi.

Pembe hiyo ina faida gani? Straiki safi ni tufe kugonga pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Ya 1 inaiangusha ya 2, ya 2 inaiangusha ya 4, ya 4 inaiangusha ya 7. Ya 3 inaimaliza ya 6, na hiyo ya 6 inaimaliza ya 10. Ya 5 inaiangusha ya 8. Tufe likiingia kwa pembe ndogo, pini ya mbele inalisukuma pembeni na ya 5 inabaki katikati imesimama kama mwenye nyumba.

Mchoro wa mafuta maana yake nini? Si yanapakwa sawasawa tu?

Laiti. Leni ina mbao 39, na hata zile za sintetiki zimechorwa mistari ya mbao ili tuhesabu. Anayetumia mkono wa kulia huanzia mtaro wa kulia, ubao wa 1, na pini ya mbele imekaa kwenye ubao wa 20. Mashine inaweza kuambiwa ipake mengi kwenye ubao wa 15 na machache kwenye ubao wa 6, ipake zaidi mwanzoni na kupunguza kadiri inavyokwenda, irudi kwa njia tofauti na ile iliyoendea. Mpangilio huo ndio mchoro.

Mchoro wa kawaida wa ukumbini, ule utakaoukuta karibu kila pahali watu wanapocheza kwa burudani na kwenye ligi nyingi, una urefu wa futi 40 hivi. Katikati mafuta yamerundikwa, pembeni yamepakwa kiduchu. Uwiano wa 10 kwa 1 si ajabu. Huo ni mchoro wenye huruma. Ukikosea ukalitoa tufe nje sana, linakuta pakavu, linashika mapema na kurudi kwenye mwanya. Ukikosea ukalitoa ndani sana, linakuta mafuta mengi, linateleza zaidi kabla ya kupinda, na linafika kwenye mwanya ule ule. Ni kama mfereji wa maji, popote unapomwaga yanashukia sehemu moja. Ukiwa na wastani wa alama 190 kwa mechi hapo, furahia, lakini usianze kumwandikia barua kocha wa timu ya taifa.

Na mchoro wa mashindano?

Huo hauna huruma. Shirikisho la Marekani, USBC, linahesabu mchoro kuwa wa kimichezo pale uwiano wa mafuta ya katikati kwa ya pembeni usipozidi 3 kwa 1. Maana yake pembeni nako kuna mafuta. Tufe ulilolikosea nje halirudi. Ulilolikosea ndani linapinda na kwenda upande mwingine. Huko mtu hana tena pahali papana pa kulengea, anatafuta ubao mmoja au miwili.

PBA iliipa michoro yake majina ya wanyama: Cheetah, Viper, Scorpion, Chameleon, Shark, baadaye Wolf, Bear, Badger. Wolf na Cheetah ni mifupi, Shark na Badger ni mirefu. Badger ilifika futi 52, ikaacha futi 8 tu kavu za kukatia kona. Kwenye mchoro mfupi utawaona mabingwa wakipita ukingoni mwa mtaro mpaka unashika roho. Kwenye mrefu wanapita katikati, karibu wamenyoosha.

Mara ya kwanza nilipocheza kwenye mchoro wa kimichezo nilitoka wastani wa 192 nikapata 161, 148 na 157. Nilirudi nyumbani nikiamini nimevunjika kiwiko. Kiwiko kilikuwa kizima.

Nimesikia kuna hesabu ya 31. Ni nini?

Chukua urefu wa mchoro kwa futi, toa 31. Jibu ni ubao ambao tufe lako linapaswa kuwa limefika wakati linatoka kwenye mafuta, kabla halijaanza kurudi. Mchoro wa futi 40 unakupa ubao wa 9. Wa futi 33 unakupa ubao wa 2, karibu na mtaro. Wa futi 45 unakupa ubao wa 14.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Mchoro ukiwa mfupi, sehemu kavu ni ndefu, kwa hiyo tufe litapinda muda mrefu. Lazima uanzie mbali ili lisipite mwanya. Mchoro ukiwa mrefu, muda wa kupinda haupo, kwa hiyo usilitume mbali. Ichukulie kama pa kuanzia. Mtu mwenye mzunguko mwingi kama Jason Belmonte wa Australia, anayetumia mikono miwili na ambaye ameshinda mataji makubwa mengi kuliko yeyote katika historia ya PBA, hawezi kuona leni kwa namna ile ile anayoiona babu wa timu yetu anayerusha polepole na kunyooka.

Ukumbini wamebandika karatasi ya mchoro. Naisomaje?

Angalia mambo matatu, mengine yaache kwa sasa. Kwanza urefu, kwa sababu ya hesabu ya 31. Pili jumla ya mafuta kwa mililita: chini ya 20 ni machache, ukivuka 27 ni mengi na tufe lako laini litateleza hadi mwisho. Tatu uwiano. Uwiano mkubwa ni huruma, uwiano mdogo ni kazi.

Ukiona kitu kama 2L-2R, hiyo ni kusema mashine imepaka kuanzia ubao wa 2 upande wa kushoto hadi wa 2 upande wa kulia, yaani karibu leni nzima. 10L-10R ni katikati tu. Zikiwa nyingi za aina ya kwanza, pembeni kuna mafuta.

Mechi ya kwanza nilipata 210, ya tatu 140, na sijabadilisha chochote. Kwa nini?

Ndiyo kwa nini: hukubadilisha chochote, na leni ilibadilika.

Kila tufe linalopita linaondoka na mafuta kidogo. Matufe ya kisasa yana gamba la rezini lenye vinyweleo, linayanywa mafuta kabisa. Halafu kiini kilichomo ndani hakiko sawa pande zote, kwa hiyo tufe linayumba kidogo kila linapozunguka na kugusisha sakafu sehemu mpya ya gamba. Ukilichukua likirudi utaona duara kadhaa za mafuta zimepishana kama miduara ya shanga. Kila duara ni mafuta yaliyokuwa sakafuni. Zidisha kwa wachezaji wanane au kumi, kila mmoja mara kumi na kadhaa kwa mechi, wengi wao wakipita ule ule wa pili kutoka kulia kati ya mishale ya kulengea iliyochorwa kwenye leni. Baada ya saa moja, pale palipokuwa na utelezi pamekuwa pakavu. Tufe linashika mapema, linapinda mapema, linagonga pini ya mbele usoni, na unabaki na spliti, yaani pini zilizosimama mbalimbali.

Kuna mabadiliko ya pili yanayokwenda kinyume. Matufe ya plastiki na ya yurethani hayanywi mafuta, yanayasukuma mbele. Hayo yanaweza kutua kwenye futi za 42, 45, pale unapotegemea ukavu. Tufe likifika hapo linachelewa kukata kona na kugonga dhaifu. Usiku wa familia, ukumbi ukijaa matufe ya kukodi ya plastiki, hili utalikuta. Kwenye ligi ya watu wenye matufe yao, kukauka ndiko kunakotawala.

Wengi hupoteza mechi hapa kwa sababu ya ubishi. Tufe linapita mwanya, mtu anasema nimekosea mkono, anarudia palepale. Linapita tena. Anaongeza nguvu. Mechi imekwisha.

Basi nihamie wapi?

Fuata kosa. Tufe likienda kushoto kupita kiasi, hamisha miguu kushoto. Likibaki kulia, hamisha miguu kulia. Inaonekana kinyume na akili, lakini ukisogea kushoto huku ukilenga kulekule, tufe linapita kwenye mafuta mengi zaidi na kutoka na pembe kubwa zaidi kuelekea nje, kwa hiyo linarudi limechelewa. Mashoto ageuze kila kitu.

Kipimo cha kuanzia: miguu mbao 2, jicho ubao 1, upande uleule. Ikiwa haitoshi, rudia. Hiyo mishale saba iliyo kwenye leni imekaa mbao tano tano, wa kwanza ubao wa 5, wa katikati ubao wa 20, kwa hiyo usihesabu mbao zote 39, hesabu kutoka mshale ulio karibu. Jicho likae kwenye mishale, si kwenye pini. Ndugu zetu wanaotoka kwenye kulenga maembe kwa mawe hapa ndipo wanapoteseka.

Na usisubiri makosa matatu. Tufe likiangusha pini zote lakini kwa kugonga upande usio wake, hiyo ni straiki ya bahati na ni barua ya onyo. Hama sasa.

Ninunue tufe gani?

Swali hili nimelipia kwa pesa yangu. Miaka ya mwanzo nilishawishiwa na duka moja ninunue tufe lenye gamba kali kuliko yote, limepigwa msasa namba 500, kiini kikubwa, bei ya kodi ya nyumba ya wiki. Nikaenda nalo kwenye mchoro wa kawaida wa ukumbini. Lilishika sakafu kama mguu wa mjusi ukutani. Lilikata kona kabla ya mishale kuisha, likafika kwa pini limechoka. Nilidhani tufe kali ni tufe zuri. Tufe kali ni la mafuta mengi.

Gamba ndilo linaloamua zaidi, kiini kinafuata. Plastiki haina habari na mafuta, inanyooka. Yurethani, iliyoenea miaka ya 1980, inashika mapema lakini taratibu, inapinda kama upinde mpana. Inapendwa kwenye michoro mifupi. Rezini, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, inateleza vizuri kwenye mafuta na kushika kwa nguvu pakavu. Ndiyo iliyobadilisha mchezo mzima.

Halafu kuna msasa. Tufe lile lile ukilipiga msasa namba 500 au 1000 linakuwa na mikwaruzo inayokata kwenye mafuta na kushika mapema. Ukilipandisha hadi 4000 au kuling'arisha, linateleza mbali zaidi na kukata kona kwa ghafla mwishoni. Kabla hujanunua tufe la pili, badilisha msasa wa hili ulilonalo. Gharama yake ni ndogo na utajifunza zaidi.

Kwa anayeanza kwenye mchoro wa ukumbini ningesema: rezini ya nguvu ya wastani, imeng'arishwa, na tufe moja la plastiki la spea, yaani la kumalizia pini zilizobaki.

La plastiki la nini tena?

La kupuuzia mafuta. Pini ya 10 ikibaki peke yake kona ya kulia, unavuka leni kwa mshazari kupita mafuta, ukavu na kila kitu. Tufe la rezini litataka kupinda kuelekea katikati wakati wewe unataka liende pembeni. Plastiki haibishani. Sioni mtu akifikia wastani wa 180 bila kuipata hiyo pini ya 10 mara nyingi kuliko anavyoikosa.

Je, mashoto wanapendelewa?

Mabishano haya ni ya zamani kama Yanga na Simba. Upande wa kushoto hupitwa na watu wachache, kwa hiyo mafuta yake hukaa muda mrefu bila kuvurugika. Mchoro ukiwa mzuri kwao, unabaki mzuri usiku kucha. Ukiwa mbaya, hakuna wa kuwasaidia kuuvunja. Earl Anthony, mmoja wa wakubwa kabisa waliowahi kucheza, alikuwa mashoto na aliondoka na mataji 43 ya PBA, na wenye wivu wakasema ni mafuta. Waliomwona akirudia ubao mmoja mara hamsini hawakusema hivyo.

Leni ya 11 inapinda, ya 12 haipindi. Si zimepakwa na mashine moja?

Zimepakwa na mashine moja, lakini sakafu zake si moja. Kanuni zinaruhusu leni kupanda au kushuka hadi inchi 0.040, milimita 1 hivi. Kwa jicho si kitu. Kwa tufe linalosafiri futi 60 juu ya mafuta ni mlima au bonde. Leni zenye umri tofauti pia zinashika tofauti, na ile iliyotumiwa zaidi mchana itakuwa imekauka zaidi. Kwenye ligi unacheza leni mbili kwa zamu, kwa hiyo kuwa na alama mbili kichwani. Mimi huandika kwenye karatasi, na wenzangu wananicheka, na wananiuliza namba.

Tufe langu lilikuwa linapinda sana, sasa limelala. Limekufa?

Limeshiba. Gamba la rezini likinywa mafuta mechi nyingi mfululizo, vinyweleo vinajaa. Lifute kwa taulo kavu kila kabla ya kurusha. Ukimaliza, kabla halijapoa, lipanguse na dawa ya kusafishia matufe. Kila baada ya mechi hamsini au sitini hivi, liloweke kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukiwa umeziba matundu ya vidole kwa utepe. Utaona mafuta yakielea juu. Maduka yana tanuri maalumu za kuyatoa kwa joto la chini. Usilitie kwenye oveni ya jikoni. Litapasuka, na nyumba itanuka wiki mbili.

Tahadhari moja: kwenye mashindano ya USBC, tangu Agosti 2019, taulo kavu tu ndilo linaloruhusiwa wakati mchezo unaendelea. Chupa ya dawa iache kwenye begi.

Nacheza ukumbi wa burudani tu, hawana karatasi wala ratiba ya kupaka. Nitajuaje leni ikoje?

Fika mapema, uombe tufe ambalo utakaa nalo. Lifute kabisa. Lirushe moja, kwa kasi yako ya kawaida, juu ya mshale wa pili. Usitazame pini, tazama lilipoanza kugeuka. Likirudi, liangalie kabla ya kuligusa kwa taulo. Ukiona duara la mafuta linalong'aa, leni imepakwa karibuni. Duara likiwa limechanganyika na vumbi jeusi, haijapakwa siku nyingi. Likirudi kavu kabisa, hapo hakuna mchoro wa kusoma. Rusha kwa nguvu, nyoosha, na uwaachie watoto zile reli za kuzuia mtaro.

Rusha la pili juu ya mshale wa tatu. Likigeuka umbali uleule na kwa kiasi kilekile kama la kwanza, mafuta yamepakwa sawa leni nzima au yamekwisha. Likichelewa kugeuka, katikati bado kuna utelezi, na sasa unajua ukikauka upande wa kulia uhamie wapi.